Fahari ya Waliowekwa Kando

Kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwa watu waliosoma sana, kwamba chuki kwa wageni ni uzalendo uliopita kiasi. Mtu huanza kwa kuipenda nchi yake, mapenzi yakazidi, na mwisho akajikuta hawezi kumvumilia yeyote asiyezaliwa humo. Wenye imani hiyo huona kwamba dawa ni kuyapunguza mapenzi hayo: bendera zipungue, masimulizi ya mashujaa yapungue, na mgeni atapata nafasi ya kupumua. Mimi naona wamekosea chanzo, na kosa lao linaonekana wazi zaidi kaskazini magharibi mwa Kenya, huko Turkana, kati ya Lodwar na Kakuma, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini raia walio miongoni mwa maskini kabisa nchini wameishi jirani na wakimbizi waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Hoja ya sura hii ni kwamba mwenyeji hamchukii mgeni kwa kuwa anaipenda nchi yake mno. Humchukia pale anapokuwa na shaka kama nchi hiyo inamtambua yeye, na kuwapo kwa mgeni kukaianika shaka hiyo hadharani.

Wanasaikolojia wamelizunguka jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Rick Kosterman na Seymour Feshbach waliwahoji Wamarekani kuhusu hisia zao kwa nchi yao, wakaona kwamba mambo mawili ambayo tumezoea kuyatia kapu moja hayafanani tabia: kuipenda nchi yako ni jambo moja, na kuamini kwamba nchi yako ina haki ya kuwa juu ya nyingine ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa wingi na la pili asiwe nalo kabisa. Miaka kumi baadaye Marilynn Brewer aliandika kwamba kuwapenda walio wako hakuzai chuki kwa wengine moja kwa moja. Lazima kitu kingine kiingie katikati. Mwaka 2009 Agnieszka Golec de Zavala, mwanasaikolojia mwenye asili ya Poland, na wenzake walipendekeza kitu hicho ni kipi. Walio wepesi kuwashambulia wengine, walisema, ni wale wanaoamini kwamba kundi lao ni bora lakini ulimwengu haulipi heshima linayostahili. Watu hao hawajatosheka na taifa lao hata kidogo. Wanaishi wakihesabu dharau.

Nadharia hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wanaolalamikia dharau isiyokuwepo, na hapo ndipo inapohitaji kurekebishwa kabla ya kuletwa Turkana, kwa sababu huku dharau ni ya kweli na ina tarehe. Serikali ya kikoloni iliingia Turkana kwa bunduki. Msafara wa kijeshi wa mwaka 1918 ulioitwa Labur Patrol uliwapokonya watu silaha na mifugo. Sheria za wilaya zilizofungwa, ile ya 1902 na ile ya 1934, ziliwapa maofisa mamlaka ya kuamua nani aingie kaskazini na nani asiingie. Lodwar ikawa mahali pa kuwaweka watu ambao serikali haikutaka waonekane: Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959 aliletwa Lodwar chini ya amri ya kuzuiliwa, akakaa hapo hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Uhuru haukuleta mabadiliko ya haraka. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuzaa faida upesi, yaani yale yenye mvua, ardhi nzuri na barabara, na kwa kigezo hicho Turkana ilishindwa kabla ya kuanza. Hadi leo utamsikia mtu anayepanda basi kuelekea Kitale akisema anakwenda Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya kaya wa 2015/16 ulikuta asilimia 79.4 ya wakazi wa Turkana wakiwa chini ya mstari wa umaskini, kiwango cha juu kuliko cha kaunti nyingine yoyote.

Kwa watu wa hali hiyo, fahari ya taifa haiwezi kuwa jambo la kawaida la kila siku. Wapo waliojaribu kuitafuta na wakaipata: Paul Ereng alipochukua dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988, Mturkana alikuwa amesimama juu ya jukwaa na bendera ya Kenya ikapandishwa kwa ajili yake. Lakini bendera inayopandishwa Seoul haichimbi kisima Lokichogio. Mturkana wa miaka ya tisini alikuwa raia kwa jina, naye alilijua hilo.

Mwaka 1992 wageni wakafika. Wa kwanza walikuwa vijana wa Sudan waliotoka Ethiopia baada ya Mengistu Haile Mariam kuangushwa Mei 1991, waliotembea kwa majuma mengi na wengi wao hawakuwa na wazazi. Waliwekwa katika kambi ya Kakuma, kando ya laga (mto wa msimu) ya Tarach, karibu kilomita 120 kutoka Lodwar. Baada yao yakaja mashirika, na mashirika yakaja na vitu ambavyo serikali haikuwa imevileta kwa miongo mitatu: visima virefu, mabomba, zahanati yenye dawa, shule yenye walimu, malori ya chakula yaliyofika kwa tarehe inayojulikana. Wenyeji hawakuletewa vitu hivyo wao wenyewe. Walivitazama vikigawiwa kwa mwingine. Inafaa tukae hapa kidogo, maana maelezo mengi ya uhasama wa Kakuma hupita haraka yakakimbilia mila, wizi wa mifugo au tofauti za dini.

Katika miaka ya mwanzo ya sabini, Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyenusurika vita akiwa mfungwa na baadaye akafundisha Bristol, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili kwa kigezo kisicho na maana yoyote, kwa mfano nani amependa michoro ya mchoraji fulani kuliko ya mwingine. Kisha akawapa nafasi ya kugawa fedha kwa watu wasiowaona. Wengi waliwapendelea wenzao wa kundi, na hilo halikumshangaza mtu sana. La ajabu ni kwamba mara nyingi walikuwa tayari kundi lao lipate fedha kidogo zaidi, ilmradi pengo kati yao na kundi jingine liwe kubwa. Si kiasi kilichowatia wasiwasi, ni nafasi yao mbele ya wengine. Miaka ishirini kabla yake, Samuel Stouffer na wenzake walikuwa wamekuta jambo linaloelekea huko huko katika jeshi la Marekani: polisi wa kijeshi, ambao walipandishwa vyeo kwa nadra, walilalamika kidogo kuliko askari wa anga waliopandishwa mara kwa mara. Anayejilinganisha na asiyepata hana kinyongo. Kinyongo huja pale unapomwona aliye karibu nawe akipata.

Sasa mtazame mama wa Kiturkana anayeuza kuni Kakuma. Hutoka alfajiri na panga, akakata miti ya mathenge katika vichaka vilivyojaa miiba, akafunga mzigo, akaubeba kichwani hadi ndani ya kambi. Miaka mingi malipo yake yalikuwa kikombe cha mahindi au unga, au mafuta kidogo, kutoka kwenye mgao ambao mkimbizi alipewa bure. Wengine walichota maji na kufua nguo katika nyumba za wakimbizi kwa malipo ya namna hiyo hiyo. Biashara hii iliwalisha watoto wengi, na sitaki kuidharau. Lakini angalia jinsi ilivyopangwa. Mwenye nchi anamfanyia kibarua asiye na nchi, na chakula kinachomlipa kina nembo ya shirika lililokuja kwa ajili ya mwingine. Utafiti wa Benki ya Dunia na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa uliofanywa Kalobeyei, makazi mapya ya wakimbizi karibu na Kakuma, mwaka 2018 ulikuta asilimia 58 ya wakimbizi wa hapo wakiwa maskini, ilhali miongoni mwa wenyeji wa Turkana ilikuwa asilimia 72. Wakimbizi wenyewe walikuwa katika dhiki kubwa, na hakuna anayepaswa kuwaonea wivu. Tofauti hiyo, hata hivyo, ilisomwa na mwenyeji kama hukumu juu yake: hata aliyekimbia vita amehesabiwa kuliko mimi.

Cory Rodgers, mwanaanthropolojia wa Oxford aliyeishi na Waturkana, ameonyesha kwamba kujiona kama jamii moja ya wenyeji ni jambo ambalo kambi yenyewe ililizalisha. Mashirika yalipoanza kutenga fungu kwa ajili ya jamii inayopokea wakimbizi, watu walijifunza kudai kwa jina hilo. Naona hapa pana ushahidi mzito kwa hoja yangu. Madai ya wenyeji yalikuwa ya ajira, maji, kandarasi na nafasi za shule, na yalielekezwa kwa mashirika na kwa serikali. Hasira kali zaidi mara nyingi haikumwendea mkimbizi hata kidogo. Ilimwendea Mkenya mwenzao aliyetoka kusini, aliyekuja na cheti akachukua kazi ya udereva au ya ofisini ambayo kijana wa Lodwar au Kakuma aliamini ni yake. Kama chuki ingekuwa inafuata mpaka wa taifa, Mkenya wa Nakuru angekuwa ndugu na Mkongo angekuwa adui. Haiendi hivyo. Inafuata pengo la kutambuliwa, na Mkenya wa kusini yuko upande wa pili wa pengo hilo, hata kama ana kitambulisho kile kile mfukoni.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, nalo si dogo. Atasema mtu kwamba haya yote ni maneno ya kupamba mgogoro wa kawaida wa rasilimali. Kuni zinakwisha, malisho yanapungua, mbuzi wanaibwa, watu wanapigana. Ni kweli walipigana: mwaka 2003 kulikuwa na mapigano kati ya wenyeji na wakimbizi wa Sudan, na watu walikufa. Mtu asiyekubali kwamba njaa na ukame vina nguvu hajui Turkana. Ila rasilimali pekee haziwezi kueleza ni nani atakayeitwa adui. Waturkana wamepigania malisho na Wapokot, ambao ni Wakenya, kwa muda mrefu kuliko walivyogombana na yeyote kambini. Wamepigana na Watoposa wa Sudan Kusini, ambao ni jamaa zao wa lugha na asili, na vilevile wameoana nao na kuchunga pamoja mvua iliponyesha vizuri. Ohta Itaru wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliandika mwaka 2005 kuhusu urafiki wa mtu na mtu uliokua kati ya Waturkana na wakimbizi wa Kakuma, urafiki wa kupeana na kutembeleana, katika miaka ile ile ya mapigano. Uhaba ulikuwepo kwa marafiki na kwa maadui. Kilichotofautiana ni namna walivyohusiana.

Mchumi ana toleo lake la pingamizi hilo: tuhesabu faida, na chuki itajieleza. Basi tuhesabu. Mwaka 2016 wataalamu wa Benki ya Dunia, Apurva Sanghi, Harun Onder na Varalakshmi Vemuru, walikadiria kwamba kuwapo kwa wakimbizi kumeongeza pato la eneo la Turkana kwa asilimia 3.4 na ajira kwa asilimia 2.9. Mwaka 2018 taasisi ya fedha ya kundi la Benki ya Dunia ilikuta zaidi ya biashara 2,000 katika kambi na mji, na matumizi ya kaya ya takribani dola milioni 56 kwa mwaka. Mfugaji aliyekuwa akisubiri mnunuzi wa mbuzi apite mara moja kwa mwezi sasa ana soko mlangoni. Kwa hesabu hizo, malalamiko yangepaswa kuisha. Hayakuisha, na sababu ni ile iliyowaongoza wavulana wa Bristol. Mafuta yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, eneo la Lokichar, mwezi Machi 2012 yanatoa mfano ambao haumhusu mkimbizi kabisa. Malori ya kwanza ya mafuta ghafi yalipoanza safari ya kwenda Mombasa mwaka 2018, wakazi waliyazuia barabarani hadi yakasimamishwa, wakidai usalama na sehemu yao ya ajira na mapato. Miaka ilikuwa imepotea katika mzozo wa kama jamii ya eneo ipate asilimia 10 au 5 ya mapato hayo, ikawa 5. Mtu anayetazama fedha peke yake ataona kwamba tano ni zaidi ya sufuri iliyokuwepo jana. Mtu wa Lokichar aliona ameulizwa thamani yake kisha akakatwa nusu.

Pingamizi la pili ni la wema zaidi, nalo linapendwa na wenye miradi: waache watu wachanganyike, wazoeane, chuki itayeyuka yenyewe. Msingi wake ni kazi ya Gordon Allport ya mwaka 1954, na Thomas Pettigrew na Linda Tropp, walipokusanya tafiti zaidi ya 500 mwaka 2006, walikuta kwamba kwa ujumla kukutana kwa makundi kunapunguza ubaguzi. Utafiti mkubwa wa Alexander Betts na wenzake wa Oxford, uliowahoji maelfu ya wakimbizi na wenyeji wa Kenya, Uganda na Ethiopia, ulikuta uhusiano huo huo: penye mazungumzo na biashara kati ya wakimbizi na wenyeji, mtazamo huwa mzuri zaidi, na hata mtu ambaye yeye mwenyewe hajazungumza na mkimbizi huathiriwa na yale yanayofanywa na jamaa zake. Nakubali ushahidi huo bila kusita. Lakini Allport alikuwa ametaja masharti, na ndiyo yanayosahauliwa. Wanaokutana wawe na hadhi sawa wakati wa kukutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mamlaka iunge mkono. Mama wa kuni na mkimbizi mwenye mgao wamekutana kila siku kwa miaka, lakini sharti la kwanza halikuwepo. Na katika upande wa mkimbizi hali haikuwa bora, kwa sababu sera ya Kenya ilimfungia kambini. Alihitaji kibali kusafiri hata hadi Lodwar, na kibali cha kufanya kazi kilikuwa kama ndoto. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kakuma mgeni alinyimwa jembe kwa sheria, kisha akalaumiwa kwa kula bila kulima.

Mfano wa mkutano uliopangwa kwa namna nyingine upo. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu kama fedha ya kununulia chakula kwa wafanyabiashara walioingia mkataba, wakiwemo Waturkana. Ghafla mwenyeji hakuwa mchukuzi tu. Alikuwa na duka, na mkimbizi alikuja kwake akiwa mteja mwenye kuchagua. Wakapatana bei kwa Kiswahili, lugha ambayo mara nyingi si ya nyumbani kwa yeyote kati yao, kwa hiyo hakuna aliyesimama juu ya mwenzake kwa ufasaha. Wakati huo huo serikali ya Kaunti ya Turkana chini ya Gavana Josphat Nanok na jamii ya Kalobeyei walikubali kutoa ardhi kwa makazi mapya, na tangu mwanzo makubaliano yakawa kwamba shule, zahanati na maji ya Kalobeyei ni ya wote. Mpango wa maendeleo wa eneo hilo wa miaka kumi na mitano ulizinduliwa Desemba 2018. Siuoni kama muujiza: ardhi ni kavu, bustani nyingi zilishindwa kwa kukosa maji, na ahadi zilikuwa kubwa kuliko bajeti. Linalonivutia ni kwamba watu waliotarajiwa kuwa wakali zaidi kwa wageni walikubali kuongeza wageni, na walikubali walipoulizwa kama wenye ardhi. Ugatuzi ulikuwa umeanza mwaka 2013, na katika mgao wa kwanza wa fedha za kaunti Turkana ilikuwa ya pili baada ya Nairobi. Kwa mara ya kwanza Lodwar ilikuwa na kitu cha kukubali au kukataa.

Linganisha na Nairobi. Miito ya kufunga kambi haikutoka Turkana. Mwezi Mei 2016 serikali kuu ilitangaza kwamba itafunga kambi za Dadaab na Kakuma na ikavunja idara ya wakimbizi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i alilipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa siku 14 kuleta mpango wa kufunga kambi zote mbili. Nchi ilikuwa na majeraha ya kweli, mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na hasira ya waliopoteza watoto haihitaji kuhojiwa na mwandishi. Lakini Kakuma iko upande mwingine kabisa wa nchi. Kilichoguswa hapo ni heshima ya dola ambayo ilikuwa imeshindwa kuwalinda raia wake, na wageni wa mbali wakawa mahali pepesi pa kuonyesha kwamba dola ingali na nguvu. Fahari iliyojeruhiwa huwapiga walio karibu na mkono wake, si lazima walioijeruhi.

Afrika Kusini inathibitisha upande wa giza wa jambo hili. Katika mashambulizi ya Mei 2008 dhidi ya wageni watu 62 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Washambuliaji wa vitongoji vya mabanda hawakuwa wakikagua pasipoti. Walikuwa watu walioahidiwa nchi mwaka 1994 na wakaona ahadi hiyo inapita mbali na mlango wao, na wakaamua, mara nyingi wakichochewa na viongozi wadogo wa mitaa, nani anahesabiwa kuwa wa hapa. Fahari ya taifa ilikuwa imekosa pa kushika, ikashika ngozi, lafudhi na alama ya chanjo kwenye mkono.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote linatoka Tanzania. Ikiwa taifa linalojiamini humkaribisha mgeni, na ikiwa Tanzania ndiyo nchi ya jirani iliyofanikiwa zaidi kujenga taifa, mbona iliwafukuza wakimbizi? Edward Miguel, akilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania mwaka 2004, alionyesha kwamba mchanganyiko wa makabila haukudhoofisha miradi ya kijamii upande wa Tanzania kama ulivyofanya Kenya. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Kisha mwaka 1995 Tanzania ikafunga mpaka wake, na Desemba 1996 Wanyarwanda wakasukumwa kurudi makwao. Jibu langu ni kwamba mwaka 1996 Tanzania haikuwa ile ya 1983. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja au mbili. Uchumi ulikuwa umebanwa na masharti ya wakopeshaji. Wanakijiji wa Ngara na Karagwe walitazama malori ya misaada yakipita nyumba zao kama Waturkana walivyoyatazama. Na uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 ulikuwa umewapa wanasiasa sababu ya kulitaja jambo hilo jukwaani. Utambulisho wa kitaifa ulikuwa bado imara. Kilichopungua ni hakika ya mwananchi wa mpakani kwamba anahesabiwa. Na taifa hilo hilo, hali ilipotulia, liliwapa uraia zaidi ya Warundi 162,000, waliokimbia mwaka 1972 na wazao wao, hatua ambayo nchi chache duniani zimeithubutu.

Upande wa mgeni nao una fahari yake, na Kakuma imeizalisha kwa namna inayopaswa kutufikirisha Wakenya. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano kati yao, wote wakimbiaji wa Sudan Kusini, walitoka Kakuma. Aliyewaandaa kule Ngong ni Tegla Loroupe, Mpokot, mtu wa jamii ambayo Waturkana wameishi nayo kwa mishale na bunduki. Rose Nathike Lokonyen aliongoza msafara akiwa amebeba bendera ya Olimpiki, kwa kuwa hakukuwa na bendera ya nchi ya kumpa. Wengine waliipata mbali. Lopez Lomong, aliyekulia Kakuma, alibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Michezo ya Beijing mwaka 2008. Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995, alifunga moja ya penalti zilizoipeleka Australia Kombe la Dunia mwaka 2022. Katiba ya Kenya hutoa uraia wa kuzaliwa kupitia kwa mzazi, na kuzaliwa ndani ya mipaka hakutoshi, kwa hiyo yupo mtu wa Kakuma aliyepita miaka thelathini, ambaye hajawahi kuishi penginepo, na bado ni mgeni. Nchi zilizowatambua vijana kama Lomong na Mabil hazikupunguziwa fahari kwa kufanya hivyo.

Sasa mambo yanabadilika haraka na kwa pande mbili zinazovutana. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia huduma zile zile. Mwaka huo huo fedha za wafadhili zilianguka. Mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, maandamano yakazuka, na kuanzia Agosti wakimbizi wakagawanywa katika makundi ambayo baadhi yake hayakupata chakula tena. Katika Kakuma na Kalobeyei, zenye wakimbizi karibu laki tatu, dhiki hiyo haimwachi mwenyeji. Mama wa kuni hupungukiwa na mnunuzi siku ile ile mgao unapopungua, na mwenye duka la Bamba Chakula hubaki na daftari la madeni.

Lakini jambo nitakalolitazama kwa makini zaidi ni ardhi. Kambi imesimama juu ya ardhi ya jamii, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wananchi hadi jamii zenyewe zitakapoandikishwa. Kakuma ikiwa mji kamili, viwanja vitapimwa, leseni zitatolewa, na mfanyabiashara wa Mogadishu au wa Eldoret atataka hati kabla ya kujenga ghorofa. Uandikishaji wa jamii ukitangulia, Mturkana atakuwa mwenye nyumba anayempangisha mgeni, na watagombana kuhusu kodi kama watu wanavyogombana Eldoret au Mombasa. Hati zikitangulia na uandikishaji ukabaki kwenye mafaili ya Lodwar, atakuwa amepokea wageni kwa zaidi ya miaka thelathini kisha akaambiwa kwamba uwanja aliowapokea haukuwa wake. Ofisi za ardhi za Lodwar na wizara ya Nairobi zina uwezo wa kuamua utaratibu huo leo, kabla mwanasiasa wa uchaguzi wa 2027 hajaja kuwaeleza vijana wa Kakuma ni nani aliyewaibia.